Mti Ule Ule, Jedwali Lile Lile

Kama bado unajaza jedwali la kazi zako kwa mkono, unajiibia.

Najua kwa sababu nilijiibia. Mwaka jana nilimwandikia mteja mmoja makala 7, nikanakili vichwa na bei kwenye ankara kimoja kimoja. Kimoja kikaniponyoka. Kufika wakati nagundua, mteja ashalipa na hataki kusikia habari ya nyongeza. Landlodi naye hakungoja.

Wasee wakaniambia, "Si ununue programu ya hesabu?" Zii. Shida ni kuweka ukweli mmoja mahali pawili. Nakala mbili, siku moja lazima zikosane.

Unakumbuka uchanganuzi wa sentensi shule ya upili? Leo mwalimu anataka matawi, kesho anataka jedwali. S, KN, KT: sentensi ni ile ile, imebadilishwa sura tu. Basi Emacs inaweza kuifanyia faili yako vivyo hivyo. Ni programu ya kuandikia, ya bure, na ndani yake kuna Org, ambayo mwanaastronomia Carsten Dominik aliianzisha mwaka 2003. Kila makala naipa kichwa kinachoanza na nyota. Chini yake naweka mteja, bei na tarehe. Amri ya org-element-parse-buffer inageuza faili nzima kuwa mti, vichwa vidogo vikining'inia chini ya vikubwa. Ya pili, org-element-map, inapita kila tawi na kuniletea ninachohitaji. Kila kichwa nakipa mstari wake katikati ya vistari wima, na jedwali hilo hapo. Bei ikibadilika, nairekebisha kwenye kichwa chake, naendesha amri tena. Hakuna kunakili.

"Hiyo ni ya watu wa kompyuta," utasema. Mimi niliacha chuo, na hata huko sikuwa nasomea kompyuta. Mistari 15 ya Lisp ilinila wikendi mbili, mabano yakinitoa jasho, kila nikifunga moja lingine liko wazi. Lakini wikendi hizo mbili bado ni rahisi kuliko ile makala niliyoandika bure.

Usiniamini mimi. Hesabu makala ulizoandika mwezi uliopita, kisha hesabu ulizodai. Zikilingana, endelea na mkono wako.