Dhima ya Mwendesha Baskeli: Je, Leseni Ndiyo Dawa?

Katika baraza za Mji Mkongwe, hasa nyakati za alasiri watu wanapokaa kupunga upepo, hazipiti dakika nyingi kabla ya baskeli kupita kwa kasi, wazee wakalazimika kukunja miguu. Hapo ndipo hoja huzuka. Gari lina namba, dereva wake ana leseni, na bima imelipwa. Mbona mwenye baskeli hadaiwi hata kimoja katika hivyo, na hali naye ni mtumiaji wa njia? Hoja hii ina uzito, wala haifai kupuuzwa kwa sababu tu wengi wetu tulikwenda skuli kwa baskeli. Lakini ndani yake yamechanganywa mambo matatu ambayo hapana budi yatenganishwe: leseni, ambayo ni ushahidi kwamba mtu amefuzu kuendesha, bima, ambayo ni njia ya kupata fedha za kumlipa aliyeumia, na dhima, yaani nani abebe lawama na gharama ajali ikitokea. Kwa maoni yangu la kwanza halitufai, la pili latufaa kwa sura nyingine, na la tatu ndilo tulilolisahau.

Tuanze na sayansi, kwani dhima yafaa ipimwe kwa madhara ambayo chombo kinaweza kuyaleta. Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa mraba wa kasi. Chukua mwendeshaji na baskeli yake, jumla kilo 80, wakienda kilomita 15 kwa saa, yaani kama mita 4.2 kwa sekunde. Nishati yao ni takriban jouli 700. Mtu wa kilo 60 anayetembea kilomita 5 kwa saa ana jouli zisizofika 60. Sasa tazama gari dogo la kilo 1,200 likienda kilomita 50 kwa saa katika barabara ya Bububu: lina jouli zaidi ya 115,000. Baskeli basi inamzidi mtembea kwa miguu kiasi cha mara 12, nalo gari linaizidi baskeli zaidi ya mara 160. Daladala iliyojaa abiria sina haja ya kuihesabu. Mwanafunzi na aifanye hesabu hiyo mwenyewe.

Tarakimu hizi zinaonesha kwamba mwendesha baskeli ni watu wawili kwa mujibu wa mahali alipo. Akiwa katika barabara ya Mwera au ya Fuoni, yeye ndiye mnyonge. Akikunja kuingia Mkunazini, Kiponda au Hurumzi, ambako vichochoro ni vyembamba hata gari haliwezi kupenya, anageuka kuwa mwenye nguvu kuliko wote, isipokuwa vespa. Sheria isiyoitambua tofauti hii itamwonea mahali pamoja na kumpendelea mahali pengine.

Tuyaangalie kwanza ya vichochoroni, maana huko ndiko malalamiko yanakotoka. Akili ya binadamu huhitaji kama sekunde moja kuona hatari na kuanza kushika breki. Katika sekunde hiyo baskeli ya kilomita 15 kwa saa imekwishakwenda mita 4.2. Breki nzuri ikiipunguza kwa mita 3 kwa sekunde kila sekunde, itahitaji karibu mita 3 nyingine hadi isimame. Jumla mita 7. Mvua za masika zikinyesha na rimu za chuma zikirowa, breki za mpira hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Ikipotea nusu tu, jumla yafika mita 10. Lakini katika kona nyingi za Mji Mkongwe huwezi kuona mbele hata mita 3, kwa kuwa ukuta wa nyumba unaishia pale pale njia inapokunja. Hata mwendeshaji hodari hawezi kukwepa hesabu hiyo. Akipunguza kasi hadi kilomita 6 kwa saa, ambayo ni sawa na mtu anayetembea kwa haraka, atasimama katika mita 2 na ushei. Kengele husaidia, lakini kiziwi haisikii, na mtoto anayekimbilia chuoni hajali kengele.

Je, leseni ingebadilisha lolote hapo? Nina shaka kubwa. Mtihani wa leseni ungempima kijana katika uwanja ulio wazi, mbele ya askari, na kesho yake angepita Hurumzi kwa kasi ile ile ya jana. Mji wa Toronto, nchini Kanada, uliwataka wenye baskeli wawe na leseni tangu mwaka 1935, ukaifuta mwaka 1957. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba watoto walikuwa wakivunja sheria pasipo kujua, na uhusiano wao na polisi ukaharibika. Hapa kwetu anayeendesha baskeli ni mwanafunzi atokaye Bububu, muuza samaki apelekaye shamba kapu lake kutoka sokoni, na fundi mwenye misumeno yake. Ada, foleni na karatasi vitamwangukia yeye kwanza. Wapo watakaosema kwamba kibao cha namba kingesaidia kumtambua anayegonga na kukimbia. Kweli, lakini mtaani kwetu mgongaji hutajwa kwa jina, na la baba yake, kabla vumbi halijatulia.

Hata hivyo, wanaotetea baskeli wasijidanganye kwamba jouli 700 ni chache. Nchini Japani, mwaka 2008, mwanafunzi wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 11 akiteremka mlima kwa baskeli usiku alimgonga mwanamke aliyekuwa akitembea, naye akabaki hana fahamu. Mwaka 2013 mahakama ya Kobe ilimwamuru mama wa mtoto huyo alipe zaidi ya yen milioni 95. Fikiri hukumu ya namna hiyo ikimshukia mzazi wa Unguja. Mwenye haki angeshinda kesi asipate kitu, na mwenye kosa angefilisika bure. Mkoa wa Hyogo, ambao Kobe ndiyo makao yake makuu, ukaamua mwaka 2015 kwamba kila mwendesha baskeli awe na bima.

Hapo ndipo ninapokubaliana na nusu ya hoja ya wazee wa barazani: aliyegongwa lazima apate pa kudai. Bima haifanani na upatu. Katika upatu kila mmoja anaisubiri zamu yake kwa hamu. Katika bima kila mmoja anaomba zamu yake isifike, na fedha za wengi humfikia yule mmoja aliyepatwa. Kwa kuwa madai makubwa ya baskeli ni machache, mchango wa kila mtu ungekuwa mdogo mno, mdogo hata gharama za kuukusanya zingeukaribia. Uswisi iliwauzia wenye baskeli kibandiko cha bima kwa miaka mingi, ikakiacha tangu mwanzo wa mwaka 2012. Wengi hutegemea bima zao binafsi, na aliyegongwa na asiye na bima hutazamwa na mfuko wa dhamana wa taifa. Nasi tunaweza kwenda njia hiyo bila ya kumsimamisha mtoto wa skuli barabarani. Shirika la Bima la Zanzibar lipo tangu mwaka 1969, na tangu Oktoba 2024 wageni wanaotoka nje ya nchi wanatakiwa kulipa bima ya safari ya dola 44 wanapoingia Visiwani. Utaratibu wa kukusanya mchango wa pamoja si mgeni kwetu. Wanaokodisha baskeli kwa watalii na wanaozitumia kwa biashara ya kupeleka mizigo wanafaa kubeba bima, na hao kibao cha namba sikipingi.

Barabara kuu ni shauri jingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baskeli na wapanda pikipiki. Uholanzi, kwa kifungu cha 185 cha sheria yake ya barabara ya mwaka 1994, mwenye gari ndiye anayewajibika kumlipa mwendesha baskeli au mtembea kwa miguu aliyeumia, isipokuwa athibitishe kwamba hakuwa na namna ya kuepuka. Mtoto wa chini ya miaka 14 kwa kawaida hulipwa kamili. Kanuni hiyo ningependa kuiona Zanzibar, na ningependa ishuke ngazi moja zaidi: vichochoroni, mwenye baskeli awe na dhima hiyo hiyo mbele ya anayetembea. Ni yeye aonaye ugumu wa kujieleza, si bibi aliyeanguka na kikapu chake. Vijana wa baskeli hawatanishukuru kwa pendekezo hili.

Walimu wa sayansi wasiisubiri sheria. Chora mstari wa chaki uwanjani, mwanafunzi aufikie kwa kasi iliyopimwa kwa saa ya michezo, na mwenzake apunge kitambaa pasipo kumwonya. Pima umbali hadi baskeli isimame: mara tano rimu zikiwa kavu, mara tano baada ya kuzimwagia maji, kisha urudie kwa mwendo wa kutembea. Wastani uandikwe. Darasa liende mtaani na utepe wa kupimia, lipime ni mita ngapi zinaonekana mbele katika kila kona iliyo karibu na skuli. Orodha ya kona ambazo kipimo cha pili ni kifupi kuliko cha kwanza ipelekwe kwa shekha, ili naye ajue wapi paandikwe kwamba mwenye baskeli ashuke akokote.