Kitabu cha Mwezi Huu: Bonde la Ndotsheni



Nawaletea kitabu cha Alan Paton kiitwacho Cry, the Beloved Country, kilichopigwa chapa mwaka 1948. Mwandishi alikuwa Mzungu wa Afrika ya Kusini, naye tangu 1935 hata 1948 alikuwa mkuu wa nyumba ya kuwarudi vijana waliovunja sheria, pale Diepkloof, Johannesburg. Habari za vijana aliziona kwa macho.

Padre mzee wa Ndotsheni, Stephen Kumalo, afunga safari kwenda Johannesburg kumtafuta umbu lake Gertrude na mwanawe Absalom. Fedha ya safari ilikuwa akiba ya masomo ya kijana huyo huyo. Amwona, lakini gerezani, amekwisha kuua mtu. Na aliyeuawa ni Arthur Jarvis, Mzungu mtetezi wa Waafrika, mwana wa mwenye shamba lililo juu ya bonde la Ndotsheni.

Sasa tazameni nchi ilivyogawanywa, maana hapo ndipo penye shina la mambo. Juu vilimani, kwa Jarvis, majani ni mazito, na mvua huzama ardhini. Chini bondeni udongo mwekundu umechukuliwa na maji, na mahindi ni shida kufikia kimo cha mtu. Si kwamba Mungu aliwanyeshea mvua mbili mbali mbali! Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 iliwakataza Waafrika kununua nchi nje ya sehemu walizotengewa, nazo zilikuwa kama asilimia 7 tu ya nchi nzima. Sheria ya mwaka 1936 ikaruhusu zifike kama 13. Mambo hayo hayakufutwa mpaka 1991. Basi udongo ulipokwisha nguvu, wanaume wakaenda kuchimba dhahabu, wakalala kambini pasipo wake zao. Bondeni wakabaki wazee, akina mama na watoto. Arthur Jarvis aliacha karatasi zisemazo kwamba Wazungu waliivunja jamaa ya kale ya Waafrika, wala hawakujenga nyingine mahali pake.

Absalom akiri kweli, ahukumiwa kunyongwa. Wenzake wawili wakana, waachiliwa. Jaji asema kazi yake ni kuishika sheria, hata jamii ikiwa na kasoro. Lakini kitabu chatukumbusha kwamba watungao sheria ile ni Wazungu peke yao. Wazazi watasema kijana aliponzwa na marafiki wabaya. Ndiyo, wala dhambi yake haifichwi. Lakini ninyi waalimu, waulizeni watoto pia: huko kwao angelima wapi?

Mwishoni Jarvis mzee awapelekea watoto wa bondeni maziwa, na Kumalo ashukuru sana. Wako wanaosema kwamba Paton atufundisha kungoja sadaka ya tajiri. Mimi nisingalisema hivyo, kwa sababu ya kijana Napoleon Letsitsi, mwalimu wa kilimo, aliyeletwa bondeni na Jarvis huyo huyo. Padre amsifu mfadhili. Kijana ajibu kwa adabu, pasipo hofu, ya kuwa Mzungu ndiye aliyewapa nchi ndogo, ndiye aliyewaondoa watu kwenda kazini, nao wenyewe walikuwa wajinga pia. Basi wema huu ni deni linalolipwa. Yeye mwenyewe hafanyi kazi kwa ajili ya mtu fulani, bali kwa ajili ya Afrika.

Padre aingiwa na hofu, amsihi asimchukie mtu awaye yote.