Benzi Kuukuu na Fedha za Wanachama

Sisi vijana wa tawi huku Muleba tulichanga tukanunua Benzi kuukuu, ili tusiombe tena gari kila tuendapo mkutanoni Bukoba. Bei ilikuwa ndogo. Kumbe gari la fahari lina bei mbili: ya kulinunua na ya kulitunza!

Shokapu ya mbele kushoto ilipovuja mafuta, tulinunua moja tu, tena iliyokwisha tumika. Ya kulia tukaiacha na uchovu wake. Tulipoteremka Kamachumu tukafunga breki penye kona, gari likayumba, likaingia mtaroni pamoja na wazee wetu. Mungu alituokoa.

Basi tujifunze. Shokapu za mbele hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, na za nyuma vivyo hivyo. Bushi zikaguliwe siku hiyo hiyo. Dukani twende na namba ya chesisi, maana Benzi hufanana sura zikatofautiana vipuli. Fedha ikikosekana, gari na liuzwe.

Zamani wakubwa wenye magari haya waliitwa Wabenzi kwa dhihaka. Kupanda Benzi si aibu. Aibu ni kupakia watu katika gari tusiloweza kulitengeneza.