VITA VYA SONGWE NA VYEO VYA WAKUBWA

Kila Wamarekani wanapochagua Rais huzuka mabishano juu ya nani alikwenda vitani na nani alibaki nyumbani. Mwaka 2004 Seneta John Kerry, aliyerudi Vietnam na medali, alishutumiwa na wapinzani wake kwamba hakuzistahili, na Rais George W. Bush akaulizwa juu ya utumishi wake katika kikosi cha akiba cha Jimbo la Texas, utumishi ambao haukumfikisha Vietnam. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya Gavana Tim Walz. Wasomaji wetu wa Visiwani, pamoja na watumishi wa Serikali, huenda wakadhani kwamba kuvigeuza vita kuwa ngazi ya kupandia madaraka ni desturi ya Marekani peke yake. Sivyo. Ngazi kama hiyo ilipata kusimamishwa kwetu, katika ardhi ambayo leo ni Mkoa wa Songwe.

Mwezi Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo, yakawarudisha nyuma Wajerumani. Mwezi Oktoba 1918 vita vilirudi palepale. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, akitoka Msumbiji, alipita Songea, Njombe na Mbozi, akaishambulia Fife, ng'ambo ya Tunduma katika wilaya ya sasa ya Nakonde, kisha akaelekea Kasama. Aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, sasa Mbala, wakati vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha wiki mbili nyuma.

Anayesimama leo Tunduma, akitazama malori yaliyopanga foleni na garimoshi la TAZARA likivuka, ni vigumu kuamini kwamba vita vile vilibebwa vichwani mwa watu. Reli haikuwapo, na mbung'o waliwaua punda na ng'ombe. Risasi, unga, hata machela ya maofisa wagonjwa, vyote vilibebwa na wapagazi, ambao upande wa mpakani waliitwa tenga-tenga. Wanyiha, Wanyamwanga na jirani zao walichukuliwa na jeshi lililotangulia, kisha na jeshi lililofuata. Nafaka iliyokuwa ghalani ikaenda vivyo hivyo. Unguja na Pemba nazo zilitoa vijana wao kwenda kubeba mizigo Bara. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe, wapagazi wao waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki walikaribia 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa.

Sasa tuwatazame wakubwa. Jenerali Jan Smuts, aliyeongoza majeshi ya Uingereza katika Afrika Mashariki mwaka 1916, alikuwa Waziri Mkuu wa Afrika Kusini mwaka 1919. Lettow-Vorbeck alipokewa Berlin kama shujaa, akashiriki jaribio la kuipindua Serikali ya nchi yake mwaka 1920, na mwaka 1928 akaingia Bungeni.

Lakini anayetuhusu zaidi ni Northey, maana yeye hakwenda mbali. Mwaka 1919 aliteuliwa kuwa Gavana wa koloni la jirani zetu wa Kenya. Mtu aliyejua vizuri kuliko wengi jinsi Mwafrika alivyobeba vita vile, alifanya nini na madaraka yake? Katika utawala wake askari wazungu waliorudi vitani waligawiwa mashamba katika nyanda za juu. Mwezi Oktoba mwaka huo huo wa 1919 ulitolewa waraka wa kuwaagiza watawala na machifu "wawahimize" Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na kila aliyepata kuishi chini ya mkoloni anajua maana ya kuhimizwa huko. Mwezi Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe walipigwa risasi, wakafa zaidi ya 20.

Wapagazi walipata nini? Mishahara ya maelfu ya waliokufa, ambao warithi wao hawakutafutwa ipasavyo, haikulipwa kamwe. Sisi tuliokaa chuoni tukiwa wadogo tulifundishwa kwamba mirathi haigawanywi kabla ya madeni ya marehemu kulipwa. Hapa ni kinyume chake, maana mdaiwa ndiye aliyerithi!

Hatusemi kwamba aliyepigana asipewe uongozi. Marehemu Jenerali David Musuguri aliingia jeshi la mkoloni mwaka 1942 akiwa askari wa kawaida, akaongoza Divisheni ya 20 katika Vita vya Kagera, akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, kisha akarudi kijijini kwake Butiama akaishi kwa utulivu hadi mwaka 2024. Nduli Idi Amin kwa upande wake alijigamba kwamba alipigana Burma, ilhali aliandikishwa jeshini mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Tofauti ya watu hao wawili isingejulikana kama kumbukumbu zisingekuwapo.

Hilo ndilo linaloikosesha Songwe haki yake. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza bila majina yao kuwekwa popote si chini ya 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi. Rais wa Ujerumani naye aliomba radhi Songea tarehe 1 Novemba 2023 kwa ajili ya Majimaji. Radhi hizo ni njema, lakini hazina jina hata moja la mtu wa Mbozi au Tunduma.

Majina hayo hayawezi kutafutwa London wala Berlin peke yake. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2016, na makao yake Vwawa yana maofisa utamaduni. Waanze na vijiji vilivyo kwenye njia ya kutoka Mbozi hadi mpakani, nyumba kwa nyumba, wakiandika nani alichukuliwa, na jeshi gani, na kama alirudi. Visiwani ifanyike vivyo hivyo. Waliokuwa watoto mwaka 1918 wamekwisha. Wanaowakumbuka ni watoto wao, na wengi wao leo ni wazee.