Uchache pekee haulipandishi gari bei

Yapo magari mengi yaliyotengenezwa machache tu na leo hakuna anayeyaulizia. Ferrari 250 GTO ni habari nyingine. Yalitoka 36 kati ya mwaka 1962 na 1964, na mwaka 2018 moja lilinunuliwa mnadani huko California kwa zaidi ya dola milioni 48.

Kilicholipa hadhi ni mbio. Lilitwaa ubingwa wa kimataifa wa watengenezaji katika daraja lake miaka mitatu mfululizo, ilhali liliruhusiwa pia kupita barabara za kawaida.

Bodi yake ya alumini ilifuliwa kwa mkono katika karakana ya Scaglietti, Modena, ndiyo maana ni vigumu kupata mawili yanayofanana kabisa. Ndani ya boneti kuna injini ya silinda 12, lita 3. Hapo ndipo mnunuzi makini huinama na tochi kusaka namba ya chesisi na ya injini. Zikilingana na kumbukumbu za kiwanda, na wamiliki wote wa nyuma wakijulikana, bei hupaa. Injini ikiwa imebadilishwa, thamani huporomoka hata kama rangi inang'aa.

Na si Ferrari pekee: ya Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut yalitengenezwa mawili tu, na moja liliuzwa euro milioni 135 mwaka 2022.

Kinachouma ni kwamba kadiri bei zinavyopanda, ndivyo wamiliki wengi wanavyoogopa kuyawasha magari haya. Heko kwa wale wanaoyapeleka kwenye mbio za Goodwood, Uingereza, na kuyakimbiza kwelikweli mbele ya watu.