Mgeni wa Accra Apewe Jembe

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii twaijua sote tangu utoto, lakini mara nyingi twaitumia kwa mgeni aliyekuja kwetu. Leo nataka kuigeuza ituelekee sisi wenyewe, tunapokuwa wageni katika mji wa watu. Mji nitakaoutolea mfano ni Accra, mji mkuu wa Ghana, ulioko pwani ya Afrika ya Magharibi, ambako nilikaa miaka miwili kwa ajili ya masomo. Wanafunzi kadhaa, na wenzetu waliokwisha maliza shule, wameniuliza kama mji ule wafaa kuendewa. Jibu langu ni kwamba wafaa sana, lakini faida yake haimfikii asiyekuwa tayari kushika jembe.

Mgeni wa siku mbili huonyeshwa ngome. Waholanzi walijenga yao mwaka 1649, watu wa Denmark wakajenga ya Osu mwaka 1661, na Waingereza wakajenga James Fort mwaka 1673. Na zote tatu ziko pwani ile ile, karibu karibu. Kisha huonyeshwa mnara wa taa wa Jamestown, na kaburi la Kwame Nkrumah, aliyeiongoza nchi ile kupata uhuru tarehe 6 Machi, 1957. Hayo ni mema kuyaona, wala simcheki mwenye kuyatazama. Lakini aonaye ngome peke yake amezijua nyumba za waliofuata dhahabu na watumwa; wenye mji bado hajawajua.

Wenye mji ni watu wa kabila la Ga. Wavuvi wao hawaendi kuvua siku ya Jumanne, kwa kuwa siku hiyo bahari huachwa ipumzike. Kila mwaka wana sikukuu iitwayo Homowo, na maana ya jina hilo ni kuizomea njaa, kwa ukumbusho wa njaa kali iliyowapata wazee wao zamani. Kabla ya sikukuu hiyo, kwa muda wa mwezi mmoja hivi, ngoma na kelele hupigwa marufuku mjini. Mwaka 1998 na miaka iliyofuata palitokea ugomvi mkali kati ya vijana wa Ga na baadhi ya makanisa yaliyokataa kunyamazisha ngoma zao. Mimi sisemi kwamba mtu aifuate ibada asiyoiamini. Nasema tu kwamba kupunguza sauti kwa siku hizo si kuabudu. Ni adabu, kama vile kuvua viatu mlangoni mwa mtu, hata kama kwako huingia navyo.

Pengine mtu ataniuliza, “Ya nini kujisumbua na lugha yao? Kiingereza chatosha.” Ni kweli kwamba Kiingereza hutumika maofisini na mashuleni, na sokoni utasikia sana lugha ya Twi. Nimekutana na wageni waliokaa miaka mingi pasipo kujua hata kuamkia kwa lugha ya Ga. Kiingereza chawatosha kununua mkate, lakini hakitoshi kupata shauri la jirani, na katika mji ule shauri la jirani laweza kuokoa maisha. Sehemu nyingi za Accra ni bondeni. Tarehe 3 Juni, 2015, mvua kubwa ilifurisha mji, na kituo cha petroli karibu na Kwame Nkrumah Circle kikalipuka palipokuwa na watu waliojikinga mvua. Watu zaidi ya 150 walikufa kwa mafuriko na moto huo. Anayetafuta chumba ataonyeshwa kuta zilizopakwa rangi mpya. Mama auzaye samaki mbele ya mlango ndiye atakayemwambia maji hufika wapi wakati wa masika, naye hamwambii mtu apitaye kila siku bila kumsalimu.

Wala si kazi ngumu kwetu kujifunza desturi za kule, maana nyingine zafanana na zetu. Kutoa au kupokea kitu kwa mkono wa kushoto ni utovu wa adabu kule kama ilivyo pwani yetu. Mabasi yao madogo huitwa tro-tro, na yasemekana jina hilo latokana na neno la Ga lenye maana ya peni tatu, ambazo ndizo zilizokuwa nauli. Nasi twajua jinsi jina la matatu lilivyotokana na mapeni matatu. Kenkey, chakula chao cha unga wa mahindi uliochachuliwa, hufungwa katika maganda ya mahindi na kuchemshwa, kisha huliwa kwa samaki wa kukaanga na pilipili. Mla ugali hataona shida. Jambo moja tu lahitaji hadhari: tangu tarehe 4 Agosti, 1974, magari ya Ghana hupita upande wa kulia. Basi tazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka njia.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni kodi ya nyumba. Sheria ya mwaka 1963 iliwakataza wenye nyumba kudai kodi ya zaidi ya miezi sita kwa mkupuo mmoja. Hata hivyo, mwenye nyumba mmoja alinitaka miaka miwili mbele, tena bila haya, kwa kuwa mgeni aliyenitangulia alilipa bila kuuliza. Mwenye fedha za kigeni aona ni jambo dogo. Lakini mwalimu kijana wa pale pale, mwenye mshahara wa mwezi kwa mwezi, atazitoa wapi fedha za miezi ishirini na minne kwa siku moja? Atahamia mbali, na kila alfajiri atapigania nafasi ndani ya tro-tro. Mwaka 2019 Ghana iliwaalika watu wa asili ya Kiafrika walioko ng'ambo warudi kuiona nchi ya wazee wao, na maelfu walikwenda. Haki yao ni kubwa kuliko yangu, nami niliwafurahia. Lakini mgeni yeyote alipaye bei yoyote anayotajiwa aipandisha juu ya kichwa cha mwenyeji. Kuuliza sheria ya nchi yasemaje kabla ya kutoa fedha, hilo nalo ni jembe.

Kwamba mgeni aweza kuwa mwenyeji, mji wenyewe ni shahidi. Katika mwaka 1836 walifika Accra watu weusi kutoka Brazil, waliotoka katika utumwa. Hawakuijua lugha ya Ga hata kidogo. Kwa kuwa walizoea kusema “tá bom”, yaani “vema” kwa Kireno, waliitwa Tabom mpaka leo. Walipewa ardhi, wakalima, wakachimba visima, wakafanya kazi ya ushonaji. Wajukuu wao husema lugha ya Ga, na wana chifu wao miongoni mwa machifu wa mji.

Wala asiseme mtu kwamba siku zake ni chache mno. Desemba 1958 ulifanyika Accra mkutano wa watu wa Afrika yote, na mwenyekiti wake alikuwa Tom Mboya wa Kenya, kijana wa miaka 28. Alikuwa mgeni wa siku chache, lakini alipewa jembe naye akalima. Katika mkutano ule alikuwamo pia Patrice Lumumba, aliyerudi Kongo na kudai uhuru mbele ya umati mwezi ule ule.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlio darasani, na ninyi wenzangu mnaotafuta kazi ng'ambo, nendeni Accra. Zitazameni ngome siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu ulizeni maamkio ya Ga, mjue Jumanne ni siku gani, na msikubali kulipa kodi ambayo jirani yenu hawezi kuilipa. Ukifanya hivyo, utakaporudi kwenu na watu wakakuuliza habari za Accra, utakuwa na neno la kuwaambia ambalo halimo katika picha.