Jina, Jinsi na Rejista: Haja ya Utaratibu wa Kusahihisha

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ulikusudiwa wafanyabiashara, lakini unawahusu vilevile wenye kazi ya kuhesabu watu. Taifa lisilo na rejista ya vizazi na vifo haliwezi kujua lijenge madarasa mangapi wala litenge chanjo kiasi gani. Hata hivyo usemi huo haujibu swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: ikiwa daftari lipo, na baadaye ikabainika kuwa kilichoandikwa hakilingani na mtu mwenyewe, kifanywe nini?

Swali hilo huwa zito hasa katika maandishi mawili: jina, na alama ya jinsi, yaani ME au KE. Watu wengi huyaona maandishi hayo kama mhuri uliopigwa juu ya mtu, usioweza kufutika. Kwa mtazamo wa kisayansi mambo sivyo yalivyo. Maandishi ya rejista ni matokeo ya upimaji. Na kila upimaji, uwe wa kina cha maji au wa joto la mgonjwa, una wakati wake, una mpimaji wake, na una uwezekano wa kukosea. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba rejista ya kuaminika ni ile iliyo na njia ya wazi ya kusahihishwa, na kwamba yafaa Tanzania iiandike njia hiyo katika sheria.

Mfano mzuri wapatikana katika delta ya Rufiji. Kata za Salale, Maparoni, Mbuchi na Msala zimo kati ya mikondo ya mto na misitu ya mikoko, na kwa wakazi wake wengi safari ya kwenda Kibiti, makao ya wilaya, huanza kwa mashua. Si ajabu mtoto kufika darasa la kwanza bila cheti cha kuzaliwa. Wala tatizo hilo si la delta peke yake: utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa takriban mtoto 1 tu kati ya 4 wenye umri chini ya miaka 5 ndiye aliyekuwa amesajiliwa. Mpango wa kusajili watoto wadogo katika vituo vya afya na ofisi za kata, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, ulibuniwa ili kuziba pengo hilo.

Cheti kinapopatikana kwa kuchelewa, majina huwa yamekwisha kuwa mengi. Kijana aliyeandikwa Mohamedi katika kadi ya kliniki huandikwa Mohamed katika shule ya msingi, kisha Muhammad katika cheti cha kuzaliwa kilichotafutwa alipokaribia kumaliza kidato cha nne. Mwanamke aliyejulikana kijijini maisha yake yote kwa jina la baba yake, Binti Fulani, hutakiwa benki aoneshe jina ambalo jirani zake hawalijui. Huko kusini, miongoni mwa Wayao na Wamakonde, mvulana aliyetoka jandoni aliliacha jina la utotoni akapewa jingine, na jamii nzima ikalitambua. Kwa hiyo kubadili jina si jambo geni hata kidogo. Jambo geni ni ofisi inayotaka jina moja, kwa herufi zilezile, tangu mtu azaliwe hadi afe.

Serikali zenyewe hubadili majina. Nchi iliyozaliwa tarehe 26 Aprili 1964 iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina la Tanzania lilichaguliwa mwezi Oktoba mwaka huohuo. Wilaya ya Kibiti nayo ilimegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Mtu aliyezaliwa Salale kabla ya hapo ana cheti kinachoitaja Rufiji, naye hajahama hata hatua moja. Hakuna karani anayekiita cheti chake cha kughushi, kwa sababu badiliko lilitangazwa na tarehe yake inajulikana.

Wanasayansi waliofanya kazi katika wilaya hiyo walikabiliana na tatizo hili zamani. Mwaka 1998 ulianzishwa Rufiji mfumo wa kufuatilia afya na idadi ya watu, ambao baadaye uliendeshwa na Taasisi ya Afya ya Ifakara. Zaidi ya watu 80,000 waliandikwa, na kaya zao zikatembelewa kila baada ya miezi 4. Katika mfumo wa namna hii mtafiti hawezi kulitegemea jina, maana katika kijiji kimoja huweza kuwapo akina Saidi Ali kumi. Kila mtu hupewa namba isiyobadilika. Mengine yote, kama vile makazi, ndoa na elimu, huandikwa pamoja na tarehe, na yakibadilika huandikwa upya pasipo kufuta yaliyotangulia. Hapa pana somo kubwa. Kinachomtambulisha mtu ni mfululizo wa kumbukumbu zake, wala si kule kutobadilika kwa neno moja lililomo ndani yake. Badiliko lililoandikwa haliwezi kumficha mtu. Linalomficha ni lile lisiloandikwa.

Kwa upande wa jina, sheria ya Tanzania imekwisha kulikubali jambo hilo. Mtu mzima anayetaka jina jipya hutengeneza hati ya kubadili jina, akaitia saini kwa kufuata sheria, nayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, nayo inaruhusu makosa yaliyomo katika rejista kusahihishwa. Lakini kwa upande wa alama ya jinsi hakuna sheria mahususi inayosema nani aombe, athibitishe nini, na nani aamue. Ukimya huo ungekuwa na madhara madogo kama jinsi ya kila mtu ingejulikana bila shaka siku ya kuzaliwa. Biolojia inayofundishwa kidato cha tatu na cha nne yatosha kuonyesha kwamba haijulikani hivyo kila mara.

Mkunga hutazama maumbile ya nje kwa muda mfupi, kisha hutamka neno moja. Anachokitazama ni hatua ya mwisho ya safari ndefu. Mpaka kufikia wiki ya 6 hivi tangu mimba kutungwa, tezi za uzazi za viinitete vyote hufanana. Baadaye jeni iliyo katika kromosomu Y, ambayo ilitambuliwa mwaka 1990 na kuitwa SRY, huelekeza tezi hizo ziwe korodani. Isipokuwapo, kwa kawaida huwa ovari. Kisha homoni hutoka, na viungo hujengeka kulingana na homoni hizo. Hitilafu yaweza kutokea katika hatua yoyote. Mtoto mwenye kromosomu XX ambaye tezi zilizo juu ya figo zake hutoa homoni za kiume kupita kiasi huweza kuzaliwa akionekana mvulana. Tena baadhi ya watoto hao hupoteza chumvi mwilini na kufa mapema wasipogunduliwa. Mtoto mwenye kromosomu XY ambaye mwili wake hauitikii homoni hizo hukua akiwa na umbo la kike. Wako pia waliokosa kimeng'enya kinachoitia nguvu homoni ya testosteroni: hulelewa kama wasichana, kisha wakibalehe sauti huwa nzito na misuli hukua. Hao wa mwisho waliandikwa sana na madaktari katika miaka ya 1970 kutokana na uchunguzi uliofanywa Jamhuri ya Dominika. Katika hali zote hizi mkunga hakudanganya. Alipima kwa kipimo alichokuwa nacho.

Watu wa Pwani hawakungoja darubini ili kuyajua hayo. Neno huntha limo katika Kiswahili kwa karne nyingi, na wanazuoni wa Kiislamu walilijadili katika milango ya ibada na mirathi. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa delta, huntha ambaye hali yake haijabainika hupewa fungu lile lililo la yakini, na sehemu yenye shaka huwekwa mpaka mambo yabainike au warithi wapatane. Mwanasayansi hawezi kuusoma uamuzi huo bila kuustahi. Unakiri kwamba ushahidi bado haujatosha, unamlinda mhusika wakati wa kungoja, na unaacha mlango wazi kwa ushahidi utakaokuja.

Nchini Kenya jambo hili lilifika mahakamani. Mtoto aliyezaliwa Nairobi mwaka 2009, ambaye mahakama ilimwita Mtoto A ili kumhifadhi, aliandikiwa alama ya kuuliza mahali pa jinsi. Mwezi Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola aliiagiza Serikali ieleze ni chombo gani kitakachokusanya takwimu za watoto wa namna hiyo, na ni miongozo gani itakayofuatwa. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,524 wenye jinsi tata, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawataja watoto hao na kuwapa ulinzi.

Miezi miwili kabla ya hukumu hiyo, mahakama hiyohiyo iliamua shauri la Audrey Mbugua, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 kwa jina la Andrew. Hali yake ni tofauti na ile ya Mtoto A, na tofauti hiyo haifai kuchanganywa: yeye aliandikwa mvulana alipozaliwa, lakini amejitambua na kuishi kama mwanamke. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, liliiondoa hali hiyo katika sura ya maradhi ya akili. Jaji Weldon Korir aliliagiza Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina jipya na kisicho na alama ya jinsi. Hoja yake yaweza kueleweka na mwanafunzi yeyote: sheria haikutaka alama hiyo iwemo katika cheti, na alama za mtihani hazitolewi kwa kuangalia jinsi ya mtahiniwa. Afrika Kusini ilikuwa imetangulia kwa sheria ya mwaka 2003 inayoeleza masharti ya kubadili maelezo ya jinsi katika rejista ya vizazi.

Wapo wanaopinga, na hofu zao zastahili kujibiwa. Wengine husema mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili ya kitu hujulikana kwa kukichunguza, wala si kwa kuling'ang'ania neno la kwanza lililotamkwa juu yake. Wengine wanahofu kwamba wahalifu watajificha nyuma ya majina na alama mpya. Hofu hiyo ingekuwa na uzito kama kumbukumbu ya zamani ingefutwa. Lakini ikihifadhiwa kwa siri na msajili, chini ya namba ileile na alama zilezile za vidole, mhalifu hapati pa kujificha. Kwa hakika ni kukosekana kwa utaratibu kunakowasukuma watu kwenye njia za kificho. Wengine wana shaka ya kidini juu ya mtu kama Audrey Mbugua ingawa wanaikubali haki ya huntha. Mjadala huo utaendelea misikitini, makanisani na bungeni. Hata hivyo pande zote mbili zaweza kukubaliana juu ya jambo moja: mtu aliyefaulu mtihani amefaulu, na elimu yake haipaswi kupotea kwa sababu sura yake na karatasi yake havipatani.

Mambo matatu yafaa yafanywe. Kwanza, mtoto ambaye jinsi yake haijabainika aandikishwe bila kulazimishwa alama, na familia ielekezwe hospitali yenye wataalamu, badala ya karani kubahatisha. Pili, sheria iandike utaratibu wa kusahihisha na kubadili alama ya jinsi: mwombaji, ushahidi, mwamuzi, muda wa kuamua na haki ya kukata rufaa. Tatu, kila idara iulize kama alama hiyo inahitajika katika karatasi zake. Hospitali inaihitaji kwa tiba. Lakini ni vigumu kueleza stakabadhi ya ada inaihitaji kwa lipi.

Walimu wa sekondari wasidhani kwamba kazi hii ni ya wanasheria peke yao. Daftari la kuandikisha wanafunzi ni rejista, na mwalimu anayelijaza ni msajili. Yeye ndiye awezaye kuona mapema, mwanafunzi angali kidato cha kwanza, kwamba jina la cheti na jina la shule havilingani, akamshauri mzazi afuate njia ya kisheria kabla ya usajili wa mtihani wa taifa. Yeye pia ndiye awezaye kuona kwamba mwanafunzi fulani anakwepa bweni au bafu kwa fadhaa isiyosemeka, akazungumza naye faraghani kwa heshima na kumpeleka kwa daktari, badala ya kumwacha awe kichekesho mpaka aache shule. Mwanafunzi wa Nyamisati aliyevuka maji na kutembea mbali ili asome amekwisha kulipa gharama kubwa. Si haki elimu hiyo izuiwe na mstari mmoja ulioandikwa kwa haraka siku aliyozaliwa.